Kona ya Sigei

1

Siku ya Mizani sijawahi kuipenda, na sijawahi kulificha hilo. Wachezaji wa timu yetu ya magongo ya barafuni wanaingia mmoja mmoja kwenye chumba cha nyuma, wanavua viatu vya barafu, wanapanda kibao cha chuma, Daktari Mwachofi wa ligi anawavisha taji la nyaya, halafu sisi wengine tunakodolea macho taa za ukutani kama watu wanaosubiri matangazo ya vifo redioni. Mashine inapima kila kitu ambacho mwili umejifunza: kuteleza kwa kasi, kusimama ghafla, kupiga kisahani kwa gongo, kusoma macho ya mpinzani. Ikimaliza inatoa uzito, na mshahara unafuata uzito. Hata mchezaji aape kwamba yuko radhi kucheza kwa chai na mkate, haisaidii. Mizani imeshasema.

Juu ya taa za wachezaji kuna moja kubwa, ya timu. Uzito wetu ukijumlishwa ukabaki chini ya dari ya mishahara, kile kikomo ambacho ligi imeiwekea kila timu, inawaka kijani. Ukipita dari, inawaka nyekundu, na mtu lazima aondoke kabla msimu haujaanza. Mimi ndiye meneja wa Mawe ya Kericho, kwa hiyo ni mimi ninayemwambia mtu afungashe virago.

Mwaka huo tulikuwa mabingwa. Kombe lilikuwa limewekwa juu ya jokofu ofisini kwangu, na mtu asiye na adabu alikuwa ameanza kutilia sukari ya chai ndani yake. Tulikuwa na raha. Kisha Kerubo, mlinda lango wetu, akapanda kibao, na taa kubwa ikageuka nyekundu.

"Aka!" nikasema. "Rudia. Hicho chombo kimeshikwa na baridi."

"Mama Taprandich, nimerudia tayari," akajibu Mwachofi, kwa upole. Ni mtu wa Taita, na hata akikupa habari mbaya atakupa kwanza pole. "Pole sana. Kerubo amekuwa mzito."

Kerubo akashuka, viatu mkononi, uso chini. Tulimpata kule mjini Keroka enzi zile hakuna timu iliyomtaka. Walisema ni mfupi, lango litamzidi. Alikuja kwetu akiwa mwepesi kama unyoya, tukamweka langoni, na kwa bei hiyo ndogo tukapata nafasi ya kuwaweka wengine wazuri mbele yake. Ndivyo timu inavyojengwa chini ya dari: unamtafuta mtu ambaye Mizani bado haijamjua. Lakini ukishinda naye, Mizani inamjua.

"Mama, nisamehe," akaniambia.

"Nikusamehe nini? Umekosea kuzuia mabao? Nenda ukanywe chai, na usitie sukari kutoka kwenye kombe."

Akacheka kidogo, akaenda. Mimi nikabaki nikiitazama ile taa, na hasira zangu zote zilikuwa za marehemu mume wangu.

Maana dari hii ni yake. Kibor, Mungu amrehemu, ndiye aliyeipigania. Zamani hizo matajiri wa Nairobi walikuwa wakinunua kila mtu ajuaye kusimama barafuni, na sisi wa mabondeni na milimani tulikuwa tunafungwa mabao mpaka mtangazaji anaacha kuhesabu. Kibor alikuwa amekigeuza kiwanda cha chai kilichofungwa kuwa uwanja. Barafu yetu iko palepale majani yalipokuwa yakikaushwa, na siku za joto bado harufu ya chai inapanda kutoka sakafuni. Akaenda kwenye mkutano wa ligi na suti yake ya harusi, akasema, "Timu yoyote isizidi nyingine kwa mfuko." Wakampigia makofi. Dari ikawekwa, na kweli ilituokoa, siwezi kulikana hilo. Tukaanza kushinda. Ila hakuna aliyemuuliza Kibor dari itamfanya nini maskini siku atakapokuwa bora.

Na pale hospitalini, sauti ikiwa imekwisha, alitushika mikono mimi na mdogo wake, akasema, "Msiitawanye." Timu alimaanisha. Tulimwitikia sote wawili.

2

Mdogo wake ndiye Sigei, kapteni wetu. Ana mvi ndevuni na goti linalolia kama mlango, lakini akifika kwenye ile kona nyuma ya lango anafanya kitu ambacho hakuna mwingine anayekifanya. Anakwenda moja kwa moja kama atagonga ukuta, anakunja goti la ndani mpaka karibu liguse barafu, anaegemea nyuma badala ya mbele, na ghafla yuko upande wa pili wa lango na kisahani kiko wavuni. Mashabiki wanaiita kona ya Sigei. Watoto wa Kericho wanaijaribu kwenye matope na kurudi nyumbani na kaptura zimechanika.

Alinikuta ofisini nikiwa nimeinamisha kichwa. Akajimiminia chai, akakoroga, akakaa juu ya meza yangu bila kuuliza.

"Shemeji, unataka kumwacha Kerubo."

"Nataka? Nani amekwambia nataka?"

"Au mimi nistaafu."

"Ukistaafu nani atawaongoza? Wewe ndiye unawaamsha, wewe ndiye unawagombeza, wewe ndiye wanayemwogopa. Kaa kimya nifikiri."

Hakukaa kimya. Sijui kwa nini familia hiyo hakuna ajuaye kukaa kimya. "Kuna njia ya kupunguzwa," akasema.

Nikainua kichwa. Kanuni za ligi zinairuhusu, ndiyo. Mchezaji mzito anaweza kuutoa ustadi mmoja. Mashine inauchukua kichwani na mwilini mwake, uzito wake unashuka, timu inabaki chini ya dari. Na kwa kuwa ligi ni ya usawa, ustadi ule hautupwi. Unapewa timu iliyoshika mkia. Wengi hutoa vitu vidogo, namna ya kurusha kisahani, namna ya kupokea pasi.

"Kutoa nini?" nikamuuliza, ingawa nilishajua.

"Kona. Nimemuuliza Mwachofi. Kona peke yake inatosha, Kerubo anabaki, kila mtu anabaki."

"Wewe Sigei, una wazimu."

"Goti lenyewe linaenda, shemeji. Msimu mmoja, miwili, kona itakufa na mimi. Wacha ifanye kazi kabla haijafa."

Ningeweza kubishana naye kuhusu goti. Sikubishana, kwa sababu si goti lililoniuma. Kona ile alifundishwa na Kibor wakiwa wadogo, mwaka gani sijui, kwenye mteremko wa shamba la chai, siku ya mvua ya mawe. Hapa kwetu mawe hunyesha mpaka mashamba yanakuwa meupe. Hao wawili waliiba sinia ya mama yao, wakapanda juu, wakateleza katikati ya mistari ya chai, Sigei mbele na Kibor nyuma. Kule chini kulikuwa na mtaro, na ni lazima ukunje goti uegemee nyuma, la sivyo unaingia mtaroni na sinia ya mama.

Ndiyo maana tuna desturi yetu ambayo timu nyingine zinatucheka. Mvua ya mawe ya kwanza ya msimu ikianza kugonga mabati, hakuna mazoezi, hakuna kikao, hata kama tuko katikati ya mechi mwamuzi anajua atapuliza filimbi. Kila mtu anashika sufuria, karai, kofia ya chuma, anatoka nje kuokota mawe, na tunayamwaga kwenye barafu ya uwanja yagandie humo. Kibor alisema barafu ya umeme peke yake ni ya kukopa. Tukishamaliza, tunakaa kwenye benchi tumelowa, na Sigei anasimulia habari ya sinia. Mimi nimeisikia mara nyingi, na kila mara kuna mahali anafika, pale Kibor alipomwambia jambo sikioni kabla hawajaachia, na hapo Sigei anacheka, anasema, "Hilo nimeapa. Ni langu na yeye."

Tangu Kibor afe, zaidi ya Sigei hakuna mtu mwingine duniani aliyemjua akiwa mtoto. Wazazi wao walitangulia. Mimi nilimkuta mtu mzima, na ndevu, na lile kovu kidevuni aliloniambia ni la teke la ng'ombe. Nikitaka kumwona Kibor mdogo, namwendea Sigei.

"Sitaki," nikamwambia. "Nasema kama mke wa ndugu yako, si kama meneja. Sitaki."

Akaweka kikombe chini. "Na kama meneja?"



3

Mwachofi alituweka kwenye chumba cheupe, akawasha picha hewani. Ilikuwa ubongo wa Sigei, na ndani yake kona ikimetameta kwa rangi ya chungwa. Nilidhani itakuwa doa moja. Ilikuwa na nyuzi zinazokwenda kila upande, kama mzizi wa nyasi za kikuyu ambao huwezi kuung'oa shambani hata ulie.

"Ustadi haukai peke yake," akaeleza. "Mwili unajifunza mahali fulani, na mtu fulani, kukiwa na baridi au harufu fulani. Tukiutoa, vilivyoshikamana nao vinatoka pia. Kapteni atajua alikuwa na kaka, atajua jina lake, atamtambua kwenye picha. Ila ule mteremko, na siku zile za mwanzo, atazijua kama mtu anavyojua jambo aliloambiwa."

"Na hizo zinakwenda wapi?" nikauliza. "Zinakwenda kwa huyo wa timu ya mkia?"

"Hapana, Mama. Tunasafisha. Anayepokea anapata goti na mgongo tu. Ikitokea kitu kimebaki, meneja yeyote anayejua anatakiwa kutuarifu, tunamsafisha tena. Haijawahi kutokea."

"Na mkishaondoa, mnaweza kumrudishia?"

Akatikisa kichwa. Pole yake ya safari hii hakuisema, nikaiona usoni.

Sigei alikuwa ameshalala kitandani, kichwa kimenyolewa, anatania kwamba sasa anafanana na mjomba wao. Nikavuta kiti. Nikamwambia, "Nisimulie sinia."

"Mvua haijanyesha."

"Nisimulie hivyohivyo."

Akasimulia. Alisimulia vizuri kuliko siku zote, bila haraka, na sinia ilikuwa ya maua mekundu, kitu ambacho hakuwahi kukitaja. Akafika pale pa sikioni, akanyamaza.

"Sigei, leo niambie. Wewe mwenyewe kesho hutalijua. Litapotea kabisa!"

Macho yake yakajaa maji, na midomo ikafunguka. Kisha akaifunga. "Niliapa, shemeji," akasema. "Alinishika kidevu akaniapisha. Wacha liende likiwa zima."

Mashine ilitaka idhini ya mchezaji na ya meneja. Yeye aliweka kidole gumba kwenye kioo bila kusita. Mimi nilisimama pale nikifikiria neno la hospitalini, msiitawanye, na nikajiuliza Kibor angesema nini kama angejua bei yake. Hasira ilinipanda tena. Alituachia timu na alituachia dari, na sasa vitu hivyo viwili vilikuwa vinamla mdogo wake katikati. Nilitaka kutoka mbio. Mlangoni niliona kivuli cha Kerubo, ambaye hakuna aliyemwita, amesimama na viatu vyake mkononi akilia kimyakimya, na nyuma yake wenzake wote.

Nikaweka kidole. Nililia, na sikujali nani ananiona.

4

Ustadi ulikwenda Magadi. Timu yao inaitwa Chumvi, na ndiyo ilikuwa imeshika mkia, wala si ajabu. Magadi ni mahali ambapo yai linaweza kuiva juu ya jiwe, na umeme ukikatika kidogo barafu yao inakuwa bwawa. Walipokuja Kericho kucheza nasi, wachezaji wao walishuka kwenye gari wamevaa makoti mpaka masikioni, na watu wetu wakawacheka.

Tulikuwa tunaongoza ligi. Niseme ukweli, hesabu ilikuwa imefanya kazi: Kerubo langoni, kila mtu mahali pake, Sigei akiongoza kwa sauti zaidi kuliko kwa miguu. Alikuwa mchangamfu. Alikula, alitania, alimgombeza kila mtu. Ila siku moja alisimama mbele ya picha ya Kibor ofisini, akaitazama kwa heshima tu, jinsi unavyoitazama picha ya babu wa mtu mwingine. Nilitoka nje nikajifanya naongea na simu.

Mechi ilikuwa sare, kipindi cha mwisho, Sigei amepumzika kwenye benchi kando yangu. Msichana wa Chumvi akachukua kisahani. Mrefu, mwembamba, jina mgongoni Resiato. Akaja moja kwa moja kwenye kona nyuma ya lango kama atagonga ukuta. Nilijua kabla hajafika. Goti la ndani likakunjika mpaka karibu liguse barafu, mgongo ukaegemea nyuma, na Kerubo, ambaye aliiona kona ile kila siku mazoezini na anaijua kuliko mtu yeyote, akaganda. Nadhani hakutaka kuizuia. Kisahani kikaingia wavuni.

"Wacha weee!" Sigei akapiga goti lake kwa furaha. "Shemeji, umemwona huyo binti? Umeona alivyogeuka? Nani amemfundisha?"

Nikamshika mkono, naye akanishangaa.

Hapo ndipo mabati yalipoanza kugongwa. Moja moja kwanza, kisha kishindo. Mwamuzi akatazama juu, akapuliza filimbi, na Kericho yote iliyokuwa uwanjani ikatoka mbio na sufuria zake. Watu wa Magadi walibaki wameduwaa. Halafu nikamwona yule Resiato amevua kofia yake ya chuma, anatoka nje naye, anachuchumaa kwenye majani, anaokota mawe kwa vidole kama mtu aliyetumwa.

Nikamfuata. "Binti yangu, nani amekwambia habari za kuokota mawe?"

Akasimama haraka, akainamisha kichwa nimguse kwa salamu, kama adabu ya kwao ilivyo. "Hakuna, Mama. Sijui. Nimesikia tu mvua, miguu ikatoka." Akaangalia huku na huku. "Mama, wewe ndiye meneja wa hapa? Nikuulize kitu, na usiniseme kwa watu wa ligi?"

"Uliza."

"Tangu wanipe ile kona, naota. Kwetu hakuna chai, mimi shamba la chai nimeliona leo kupitia dirisha la gari, lakini nalijua. Niko kwenye mteremko, kumekuwa kweupe. Nimekalia sinia."

"Ina maua," nikasema.

"Mekundu," akasema. "Nyuma yangu kuna kijana amenikumbatia. Mimi naogopa sana, nalia. Basi ananiambia sikioni, 'Ukianguka, angukia kwangu.' Tunateleza. Kule chini naanguka kweli, na namwangukia, kichwa changu kinampasua kidevu. Damu inamwagika kwenye mawe. Mimi nadhani nimemuua. Yeye anacheka, Mama! Ananishika kidevu kwa mkono wenye damu, ananiapisha nisimwambie mtu kamwe. Anasema, 'Tutamwambia mama ni ng'ombe.'"

Nilikaa palepale kwenye majani yaliyolowa, mvua ikinipiga kichwani. Kovu lile nililiona kila asubuhi ya ndoa yangu. Nilikuwa nalibusu. Kibor alikwenda kaburini akimsingizia ng'ombe ili mdogo wake asigombezwe, na mdogo wake akalala kwenye kile kitanda cheupe akaiacha siri hiyo iende nzima, asimvunjie kaka yake kiapo.

Resiato akapiga magoti mbele yangu. "Mama, nimekukosea? Najua si yangu. Wakijua watanisafisha, na mimi..." Akaikumbatia kofia yake yenye mawe. "Mimi sikuwahi kuwa na kaka."

Kanuni ilikuwa wazi, na Mwachofi alikuwa ndani, hatua chache tu, akinywa chai yangu. Meneja anayejua anatakiwa kuarifu.

"Usimwambie mtu yeyote," nikamwambia. "Na mimi sijasikia."

Sigei akatokea na karai limejaa, ndevu zimelowa, amefurahi. "Shemeji! Mbona umekaa kwenye maji? Na huyu, ndiye wa ile kona! Binti, hongera. Njoo utuambie ulijifunzia wapi."

Msichana aliniangalia mimi kwanza. Nilimwitikia kwa kichwa. Basi akaanza kumsimulia, sinia na maua na mteremko, na Sigei akaliweka karai chini, akachuchumaa, akasikiliza kwa makini jinsi mtu anavyosikiliza hadithi nzuri ya watu asiowajua. Resiato alipofika pale pa sikioni hakuruka. Aliyasema yale maneno, na Sigei akafumba macho.

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Huyo kijana wa nyuma, alikuwa nani?"

"Ndugu yako," nikamwambia. "Kaa, shemeji. Tukusimulie tangu mwanzo."